Kivuli cha Mwembe si Kivuli cha Jiwe: Kutafuta Kosa la Mwanga Kwenye Miche

Simu nyingi ninazopokea hapa kitaluni Luchelele, Mwanza, zinaanza na swali lilelile: "Nipige mbolea gani?" Mtu ameona nyanya zake zimerefuka kama nyuzi, au spinachi imepauka, na tayari yuko njiani kwenda duka la pembejeo. Ninamwomba asimame kwanza, arudi kwenye trei zake, ainue macho. Kuna nini kati ya miche na jua? Neti ya kijani? Mwembe? Turubai la bluu? Au miche iko chumbani chini ya ile taa ya zambarau? Mara nyingi kosa liko hapo juu, na mbolea ingekwenda bure, tena ingezidisha tatizo.

Nimeyapanga haya kwa dalili, maana mkulima huanza na anachokiona. Kabla ya hapo kuna jambo moja la kushika, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake.

Mmea unautumia mwanga kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kula. Katika usanisinuru jani linatumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), yaani kuanzia urujuani na bluu, kupita kijani na njano, hadi nyekundu. Kazi ya pili ni kuona. Mmea hauna macho, lakini una vipokezi vinavyosoma rangi. Kriptokromu na fototropini vinasoma bluu. Fitokromu inasoma nyekundu, karibu na nanomita 660, na ile nyekundu ya mbali, karibu na 730, ambayo jicho la binadamu linaiona kwa shida sana. Kwa vipokezi hivyo mche unajua kama uko wazi, uko chini ya mti, una majirani, au ni usiku.

Kwa hiyo kiasi cha mwanga ndicho kinachoamua kama mmea utashiba, na rangi ndiyo inayoamua utakuwa na umbo gani. Ukiyachanganya haya mawili utahangaika. Mimi nimehangaika, nitaeleza.

"Miche imekimbia. Shingo nyembamba, inalala."

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kitalu nilifunika benchi zote kwa neti ya kijani niliyoiona imeandikwa 75. Nilidhani namba kubwa ni ubora. Maana yake ni kwamba neti inazuia asilimia 75 ya mwanga na kupitisha robo tu. Nilisia nyanya aina ya Tanya. Siku ya 14 nilichukua rula nikapima kutoka kwenye udongo hadi kwenye yale majani mawili ya mwanzo: sentimita 7. Mche uliokaa sawa huwa kama 3. Nikaona miche ina njaa, nikaimwagia maji ya yurea. Ikarefuka zaidi na kulegea, ukigusa trei inayumba yote kwa pamoja kama nyasi.

Mama mmoja wa Buhongwa alikuwa amelipia trei mbili na hakutaka kusubiri. Akazichukua hivyo hivyo. Nyumba yake imeegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, akaziweka nyuma, kwenye kivuli cha lile jiwe. Baada ya wiki mbili alirudi na mche mmoja kwenye kopo la maziwa. Niliuweka mezani pamoja na wangu. Shingo ya chini ilikuwa ndefu ileile, maana shina lililokwisha kurefuka halirudi. Lakini kuanzia hapo juu pingili zake zilikuwa fupi, shina nene kama penseli, majani mazito yenye vinyweleo. Wangu uliendelea kupanda kama mtu anayetafuta hewa. Mbegu moja, udongo mmoja, siku moja ya kusia.

Mtu anaweza kusema kivuli ni kivuli. Sivyo. Jiwe au ukuta unazuia jua la moja kwa moja, lakini mche bado unaiona anga iliyo wazi, na mwanga wa anga una bluu nyingi. Bluu inauambia mche: kaza, fupisha, nenepesha jani. Mwembe ni kitu kingine kabisa. Majani ya mwembe yanakula nyekundu na bluu, halafu yanaiachia nyekundu ya mbali ipite. Penye uwazi, nyekundu na nyekundu ya mbali zinakaribiana kwa wingi. Chini ya majani yaliyoshonana, nyekundu inabaki sehemu ndogo tu. Fitokromu ikisoma hivyo, mche unaelewa kwamba kuna mmea juu yake, na unatumia akiba yote kurefuka ili uupite. Nyanya haijui kwamba mwembe haupitiki.

Neti ya kijani inaelekea huko huko. Kiasi gani, inategemea rangi waliyoitia kiwandani, na zinatofautiana. Neti nyeusi inapunguza mwanga wote kwa uwiano unaokaribia kulingana, bila kuubadili sana rangi. Kosa langu lilikuwa la pande mbili: neti nzito mno, na ya rangi isiyofaa. Kubwa zaidi lilikuwa uzito.

Ili ujue kosa lako ni lipi, fanya hivi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe juu ya trei, inua kiganja chako kama sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vinahesabika, mwanga unatosha. Ukiona kama wingu tu lisilo na umbo, mwanga ni mdogo, na usiendelee na jambo la rangi hadi uuongeze. Kisha iangalie karatasi yenyewe. Kama inaonekana nyeupe iliyofifia, neti yako inapunguza tu. Kama imekuwa ya kijani, neti inachuja rangi. Nyekundu ya mbali hutaiona kwenye karatasi, lakini kijani hicho ni ushahidi wa kutosha kwamba nyekundu imeliwa njiani.

Dawa ni neti nyeusi au nyeupe ya asilimia 30 hadi 50, ikae juu, kama mita 2, hewa ipite. Ifunue asubuhi hadi saa nne, na tena baada ya saa kumi jioni. Siku za vuli, wingu likifunika ziwa kutwa nzima, usiitandaze kabisa. Kama neti ya kijani ndiyo uliyonayo na huna fedha ya nyingine, itumie kwa yale masaa makali tu, saa tano hadi saa tisa.

Turubai la bluu nalo linahitaji neno lake. Kuna kijana aliniambia alisoma kwamba bluu inafupisha miche, akafunika kibanda kizima kwa turubai la bluu. Miche ikakimbia kuliko ya mwembeni. Alichosoma ni kweli, ila turubai lile linazuia karibu mwanga wote, na hiyo bluu iliyopita ni kidogo mno kuiridhisha kriptokromu. Kiasi kwanza.

Kama miche iko juani wazi na bado imekimbia, tazama msongamano. Majani ya jirani yanarudisha nyekundu ya mbali kwa ubavuni, na mche unaipokea hata kabla haujafunikwa. Dalili yake ni rahisi: miche ya pembeni mwa tuta ni mifupi na minene, ya katikati ndiyo mirefu. Punguza, au hamishia kwenye trei yenye nafasi.

Miche ya nyanya iliyokwisha kukimbia usiitupe. Wakati wa kupanda, izike hadi karibu na majani ya mwanzo, shina litatoa mizizi. Hoho haitoi mizizi kirahisi hivyo, usiitegemee.

"Yote imeinama upande mmoja."

Huu si ugonjwa. Mche unafuata mwanga wa bluu. Charles Darwin na mwanawe Francis walilijaribu mwaka 1880 kwa miche ya nyasi: walipoifunika ncha, mche haukupinda, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Kwako wewe maana yake ni kwamba mwanga unatoka upande mmoja. Geuza trei nusu mzunguko kila asubuhi, au paka chokaa ukuta wa upande wa giza ili urudishe mwanga.

Hapa kwetu kuna jambo la majira ambalo linawachanganya watu. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unatupa kivuli upande wa kusini. Mwezi wa kumi na mbili ni kinyume chake. Benchi ile ile iliyokupa miche mizuri Juni, Desemba inapigwa na jua kutwa, na ile ya upande wa pili inaingia kivulini. Mtu analaumu mbegu, kumbe jua limehama.

"Majani yamepauka."

Hapa ndipo mbolea inaweza kuwa jibu kweli, kwa hiyo angalia ni majani yapi. Yakianza ya chini, ya zamani, yakawa njano yote, ni upungufu wa naitrojeni. Yakiwa machanga ya juu, mishipa imebaki kijani na katikati pamepauka, fikiria chuma, na mara nyingi chanzo ni maji mengi kwenye trei au udongo wenye magadi. Yakipauka mche mzima, na mche huohuo ni mrefu na laini, huo ni mwanga mdogo. Mimea yetu ya mboga haiwezi kumaliza kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, bila mwanga. Ndiyo maana mche uliochipukia gizani unakuwa mweupe wa njano, na ukitolewa nje unageuka kijani kwa saa chache. Jaribio lake halina gharama: trei moja itoe mahali penye mwanga zaidi, kwa hatua, usubiri siku 4 au 5. Jani jipya likitoka kijani, umepata jibu bila kununua kitu.

Mabaka meupe makavu baada ya kuhamishia shambani ni kitu tofauti. Hayo ni kuungua. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na halina kinga. Ongeza jua kwa saa 1 au 2 kila siku kwa wiki nzima kabla ya kupanda, na panda jioni.

"Chini ya jani pamekuwa zambarau" na kinyume chake, "mchicha wangu mwekundu umekuwa kijani."

Ni rangi ileile, anthosianini, inazidi au inapungua. Kwenye nyanya, zambarau chini ya jani pamoja na mche kudumaa inaashiria fosforasi haifiki, ama haipo ama mizizi imekaa kwenye maji baridi haifanyi kazi. Zambarau nyepesi kwenye mche unaokua vizuri, hasa siku chache baada ya kuondoa neti, haina shida. Jua kali, bluu na mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, vinaufanya mche ujivishe kinga.

Kinyume chake kinawaumiza wanaouza mahotelini. Mchicha mwekundu na saladi nyekundu zinahitaji mwanga mkali wenye bluu ili zishike rangi. Chini ya neti nzito zinatoka kijani yenye kutu, na mnunuzi anakwambia si aina aliyoagiza. Ondoa kivuli wiki ya mwisho kabla ya kuvuna, majani yanayochipua kipindi hicho yatatoka na rangi yake.

"Nimewasha taa lakini miche haikui."

Kwanza niseme wazi: kwa mkulima wa kawaida wa ukanda huu wa ziwa, taa si ya lazima. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima; tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki dakika 20. Taa ni kwa mtu wa chumba kimoja Mabatini au Kirumba asiye na uwanja. Kwake yeye ninasema haya.

Lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali. Jua la saa sita mchana linafika kama lux 100,000. Balbu ya LED ya wati 9, ukiwa umbali wa mita moja, inakupa kama lux 100 hivi. Si elfu, ni mia. Jicho letu linazoea giza haraka, ndiyo maana chumba kinaonekana kinang'aa huku mche unakufa njaa. Ishushe balbu hiyo hadi sentimita 20 juu ya majani, unapata kama elfu 2 hadi 3. Miche ya mboga inataka kama lux 10,000 za mwanga mweupe kwa saa 14 hivi kila siku. Kwa hiyo ni balbu kadhaa zilizokaribiana, chini sana, na kiboksi chenye karatasi nyeupe pembeni kurudisha mwanga. Balbu 10 za wati 9 kwa saa 14 zinakula uniti 1.26 kwa siku, karibu uniti 38 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua chochote.

Sasa rangi. Taa za zambarau zina diodi, yaani vijitaa vya LED, nyekundu na bluu tu. Zinafanya kazi, sizipingi. Wauzaji wanakwambia mmea hautumii kijani, na hapo ndipo ninapopinga. Wazo hili ni la zamani. Mjerumani Theodor Engelmann, katika miaka ya 1880, aliangaza mwani kwa mwanga uliogawanywa rangi, akaona bakteria wanaopenda oksijeni wamejazana kwenye nyekundu na bluu. Picha hiyo imebaki vichwani. Lakini mwani ni mwembamba, jani ni nene. Mwaka 1972 K. J. McCree alipima mimea ya shambani aina 22, akakuta kijani inafanya kazi ya usanisinuru vizuri, haikuachwa mbali. Jani linaonekana kijani kwa sababu linarudisha kijani kidogo zaidi ya rangi nyingine. Sehemu kubwa linaimeza, na kijani inafika ndani ya jani kuliko nyekundu.

Tatizo langu na zambarau ni jingine. Chini yake kila jani ni jeusi. Huoni njano inapoanza, huoni mayai ya nzi weupe, huoni ukungu. Kaka mmoja wa Nyegezi alipoteza trei zote za hoho kwa sababu aliona dalili siku alipozima taa kusafisha chumba, na muda ulikuwa umeshapita. Kama unayo tayari, izime kila asubuhi, toa trei mlangoni, zitazame kwenye mwanga wa mchana. Kama hujanunua, nunua balbu nyeupe za kawaida. LED nyeupe kwa ndani ni diodi ya bluu iliyopakwa unga unaobadilisha sehemu ya bluu kuwa njano na nyekundu, kwa hiyo rangi zote zimo. Uvumbuzi wa diodi hiyo ya bluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kwa miche chagua ile iliyoandikwa 6500K (hiyo ni namba ya rangi ya mwanga), ina bluu zaidi, shingo zitakuwa fupi. Ile ya 2700K, ya rangi ya moto, ina nyekundu nyingi na miche inarefuka zaidi.

Wapo walionunua taa nyekundu tupu. Majani yanajikunja, yanapauka, mche unakuwa mrefu usio na nguvu. Ongeza balbu moja nyeupe yenye bluu katikati. Sehemu kama moja ya kumi ya mwanga wote ikiwa bluu, umbo linarudi.

Kuna mtego kwenye simu pia. Programu za kupima lux ni nzuri na mimi ninazitumia, ila lux imetengenezwa kwa jicho la binadamu, ambalo linaipenda kijani kuliko zote. Chini ya taa ya zambarau simu itasoma namba ndogo hata kama mche unakula vizuri. Linganisha nyeupe kwa nyeupe tu.

"Saladi haijaota, nyanya za siku hiyohiyo zimeota."

Mbegu ya saladi, aina nyingi, inataka kuona mwanga mwekundu ndipo iamke. Mwaka 1952, huko Beltsville, Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao waliimulika mbegu ya saladi kwa nyekundu ikaota, wakaimulika nyekundu halafu nyekundu ya mbali ikagoma, wakarudia kwa zamu mara nyingi, na kila mara mbegu ilitii mwanga wa mwisho. Hivyo ndivyo njia ya kuijua fitokromu ilivyofunguka.

Kwa hiyo usiizike. Mwanga unapenya udongo milimita chache tu. Mwage mbegu juu ya udongo uliolowa, bonyeza kwa kiganja, nyunyiza vumbi la kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) kidogo sana, na usiweke trei chini ya mti. Lakini ukifanya yote hayo bado haioti, gusa udongo. Saladi inagoma pia udongo ukipita nyuzi 30 hivi, na trei nyeusi juani inafika huko upesi. Sia jioni, weka sakafuni mahali pa baridi kwa siku 2 za kwanza, kisha itoe kwenye mwanga.

"Soya upande wa taa haitoi maua."

Soya na aina nyingi za mtama wa asili zinahesabu urefu wa usiku. Usiku ukikatizwa na mwanga, hasa wenye nyekundu, fitokromu inadhani siku bado ni ndefu. Tembea shambani: kama mistari iliyo karibu na taa ya ulinzi imebaki kijani na majani tu huku ya mbali imeshaweka maganda, umepata sababu. Geuza taa ielekee chini, ikinge kwa bati, au weka ya kuwaka mtu akipita.

Mzee mmoja wa Igombe aliniuliza, "Mjukuu wangu, na hizi taa za dagaa?" Usiku usio na mbalamwezi ziwa zima linawaka kama mji. Nilimjibu kwa heshima kwamba hapana. Taa zile ni kali ukiwa ndani ya mtumbwi, lakini mwanga unapungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, unabaki robo. Zikifika shambani kwake, nusu kilomita kutoka ufukweni, ni chini ya mwanga wa mwezi mpevu, ambao wenyewe hauzidi theluthi ya lux. Taa iliyomharibia ni ya duka la jirani, mita 6 kutoka kwenye mstari wa kwanza.

Utelezi wa kijani kwenye trei na kwenye tenki

Mwani unakula mwanga kama mmea mwingine. Ndoo au tenki linalopitisha mwanga litaota kijani hata ulisafishe mara ngapi. Lifunike kwa kitambaa cheusi au lipake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake lisichemke. Na viazi ulaya vilivyogeuka kijani kibandani ni mwanga huohuo. Kijani yenyewe ni klorofili, lakini inaambatana na sumu ya solanini, kwa hiyo vifunike kwa gunia zito. Vilivyokwisha kuwa kijani sana usile wala usiwape watoto.

Pale ambapo mwanga hauna kosa

Shingo ya mche ikiwa imebanwa usawa wa udongo, imelowa, imekuwa kahawia na mche umeanguka ghafla, huo ni ukungu wa udongo na maji mengi. Mche uliokimbia unalala polepole, na shingo yake ni nzima. Nyanya ikijikunja majani ya juu kuelekea ndani, kingo za njano, ikadumaa, geuza jani. Ukiona vidudu vyeupe vinaruka kama majivu, ni nzi weupe na virusi wanavyosambaza. Ng'oa mche huo, uweke kwenye mfuko uliofungwa, usiutupe kando ya kitalu. Hakuna neti wala taa itakayouponya.

Nzi weupe nao wana rangi wanayoifuata, ya njano. Chukua kipande cha ubao au kifuniko cha ndoo, kipake rangi ya njano kali, kikikauka kipake grisi, kining'inize sentimita 10 juu ya miche. Ukitaka kunasa vithripi, wale wadudu wadogo wembamba, tengeneza kingine cha bluu. Hesabu wadudu walionaswa kila Jumamosi kisha upake grisi upya. Wiki ambayo cha njano kimejaa, miche haitoki kitaluni kwangu, hata mteja awe amefika na bodaboda getini.